Kutenga na Kutengea: Hofu na Utu katika Mnazi Mmoja na Kariakoo, Mwaka wa 2020

Mtu atokaye bandari ya Dar es Salaam akielekea magharibi, akiisha kuyapita maduka na nyumba za ghorofa za mtaa ulioitwa zamani Uhindini, na kuvuka barabara iitwayo leo Bibi Titi Mohamed, hutokea mahali palipo wazi, penye miti na mnara wa ukumbusho wa Uhuru. Hapo ndipo Mnazi Mmoja. Akiendelea mbele kwa Barabara ya Uhuru na kuuvuka Mtaa wa Lumumba, huwa amekwisha kuingia Kariakoo. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, na wengi wao huuona uwanja huo kuwa mahali pa kupumzikia, au pa kufanyia sherehe na mikutano. Ni wachache wakumbukao kwamba uwanja ule uliachwa wazi kwa makusudi, na kwamba sababu mojawapo iliyotolewa ya kuuacha wazi ilikuwa ni hofu ya maradhi.

Jambo hili lastahili kukumbukwa kila izungumzwapo habari ya Korona katika Dar es Salaam. Mwezi wa Machi, mwaka wa 2020, wakazi wa sehemu hizi walitakiwa wakae mbali mbali, wasishikane mikono, wala wasikusanyike. Hawakuwa watu wa kwanza wa hapo kuelezwa kuwa umbali ni afya. Babu zao walikwisha kuelezwa hivyo karibu miaka mia kabla yao, na kwa nia iliyo tofauti kabisa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi watu wa Mnazi Mmoja na Kariakoo walivyoishi miezi ya kwanza ya maradhi hayo, mambo waliyoyaogopa na jinsi walivyotendeana, na kuonyesha kwamba umbali mmoja waweza kuwa dharau au ukawa heshima, kwa kadiri ya nani auwekaye na kwa faida ya nani.

I. UWANJA NA MAJINA YAKE

Tangu siku za Wadachi mji wa Dar es Salaam ulianza kugawanywa kwa aina za majumba yaliyoruhusiwa kujengwa kila upande. Waingereza walipoutwaa mji, mwezi wa Septemba 1916, waliyakuta mawazo hayo nao wakayakamilisha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji uligawanywa katika sehemu tatu: ya kwanza ya majumba ya namna ya Kizungu, ya pili ya maduka na makao ya Wahindi, na ya tatu, yaani Kariakoo na Ilala, ya nyumba za namna ya wenyeji. Sheria haikutaja rangi ya mtu ila aina ya nyumba. Lakini kila mtu alijua maana yake, na mitaa ikajulikana kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya sehemu ya pili na ya tatu pakawekwa ardhi tupu, nayo ni Mnazi Mmoja.

Hoja ya matabibu wa siku zile ilikuwa kwamba malaria na tauni hutoka katika makao ya wenyeji, na kwamba nafasi tupu yaweza kuyazuia yasivuke. Profesa W. J. Simpson, aliyepelekwa kabla ya vita kuchunguza afya ya miji katika Kenya ya leo, Uganda na Unguja, alishauri makao ya mataifa mbali mbali yatengwe na kati yao pawe na ardhi isiyojengwa. Unguja nako uko uwanja uitwao pia Mnazi Mmoja, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Lakini hoja hii ilikuwa na tundu kubwa. Kila asubuhi wapishi, yaya, madobi na wapagazi waliuvuka uwanja ule kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu waliotengwa nao, na kila magharibi waliuvuka tena kurudi makwao. Kazi yao ilitakiwa ivuke. Wao wenyewe hawakutakiwa kulala huko.

Jina la Kariakoo nalo lina habari yake ya maradhi. Watu wengi wajua kwamba neno hilo latokana na Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliowekwa kambini mahali hapo wakati wa vita. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya Afrika Mashariki, na kwamba waliouawa na kuhara damu, homa na vichomi walikuwa wengi kupita waliouawa na risasi. Vita vilipokwisha, mwishoni mwa mwaka wa 1918, yalifika mafua makali yaliyokuwa yakiuzunguka ulimwengu mzima. Yaliingia kwa bandari, yakasafiri kwa reli na kwa miguu ya askari na wapagazi waliokuwa wakirejea makwao, yakaua tena makumi ya maelfu ya watu wa Tanganyika. Basi ni haki kusema kwamba soko kubwa kupita yote ya Tanzania limeitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo ya wengine wakafa kwa maradhi, na ambao majina yao, ila ya wachache, hayakuandikwa.

II. KUFIKA KWA KORONA

Habari ya Korona ilifika Kariakoo kabla ya ugonjwa wenyewe, nayo ilifika kwa njia ya biashara. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa mtaa huo walikuwa wakisafiri kwenda Guangzhou, katika Uchina, kununua nguo, viatu, simu na vyombo vya nyumbani. Mwezi wa Januari na Februari 2020 safari hizo zilikatika, na safari za ndege za Shirika la Ndege la Tanzania zilizokuwa zianze kwenda mji huo zikaahirishwa. Wazazi waliokuwa na watoto wanafunzi katika mji wa Wuhan walikesha wakisubiri simu. Kwa hiyo hofu ya kwanza ya Kariakoo haikuwa ya kifo. Ilikuwa ya bidhaa kwisha ghalani na ya mtoto aliyefungiwa chumbani katika nchi ya mbali.

Tarehe 3 Machi Rais John Magufuli alionekana Ikulu akisalimiana na Maalim Seif Sharif Hamad kwa kugusanisha miguu badala ya kupeana mikono. Watu walicheka, na vijana wakaiga. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Bibi Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana Arusha, naye ni Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji. Siku ya pili yake Waziri Mkuu, Bwana Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule na kukatazwa kwa mikusanyiko. Na vyuo vikuu vikafuata. Mbio za Mwenge wa Uhuru zikasimamishwa. Tarehe 31 Machi kikatangazwa kifo cha kwanza.

Lakini nchi haikufungwa. Rwanda iliwaamuru watu wake wakae majumbani, Uganda ikafanya hivyo, na Kenya ikakataza watu kutembea usiku. Tanzania iliacha masoko, misikiti na makanisa wazi, na Rais akawaambia wananchi wachape kazi, wamwombe Mungu, wala wasikubali kutawaliwa na hofu. Hapana shaka kwamba uamuzi huu uliwapa nafuu watu wengi wa Kariakoo, kwani mbeba mizigo, mama lishe na machinga wa Mtaa wa Kongo hula jioni kile alichokipata mchana. Kuwafungia ndani bila ya posho kungaliwaletea njaa kabla ya homa. Lakini uamuzi huo huo uliwaachia wao wenyewe mzigo wa kuamua kila siku, mtu kwa mtu, ni nani wa kukaribiwa na ni nani wa kukaa naye mbali. Humo ndimo zilimozaliwa hofu na utu wa siku zile.

III. HOFU ZA KILA SIKU

Hofu ya kwanza ilikuwa ya mkono. Katika mwambao mkono ni salamu, ni mapatano ya biashara, na ni heshima, maana mtoto hubusu mkono wa mzee wake. Sasa mkono ukawa mtuhumiwa. Fedha nayo ikatuhumiwa, kwa kuwa noti hupita mikono mingi, na wengine wakahimizana kulipana kwa simu. Mtu akikohoa ndani ya basi, wenzake waligeuka kumtazama. Akakohoa tena, akaanza kujitetea kwamba ni vumbi, au kwamba amepaliwa.

Hofu ya pili ilikuwa ya chombo cha safari. Daladala ziliamriwa zichukue abiria waliokaa tu, na watu wakauita utaratibu huo levo siti. Ulipunguza msongamano ndani ya gari, lakini vituoni uliuongeza. Maana magari yalikuwa yale yale na watu wale wale, na jioni wafanya kazi wa Kariakoo waliosubiri kwenda Mbagala au Gongo la Mboto walisongana milangoni na madirishani ili wapate kiti. Wenye vyombo nao walilalamika kwamba mapato yamepungua na hesabu ya tajiri haikupungua.

Hofu ya tatu ilikuwa ya nyumba. Ingawa majumba ya ghorofa yamekwisha kuchukua mahali pa nyumba nyingi za zamani, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma haijatoweka katika Kariakoo na Ilala. Aghalabu kila chumba kina jamaa yake, na wote hushirikiana choo, bomba na mahali pa kupikia. Shauri la kukaa peke yako chumbani lilitungwa kwa ajili ya watu wenye vyumba. Katika nyumba ya namna hii mgonjwa mmoja alikuwa mgonjwa wa nyumba nzima, na wapangaji walilijua jambo hilo vizuri kupita mtu yeyote aliyewahutubia.

Hofu ya nne ilikuwa ya hospitali na ya kaburi. Hospitali ya Amana, iliyoko Ilala, upande ule ule inakoelekea Barabara ya Uhuru, ilitengwa mwezi wa Aprili kwa ajili ya wagonjwa wa Korona peke yao. Jina lake ambalo maana yake ni kitu cha thamani kilichowekwa kwa mtu kikatunzwe, likawa jina la kutisha. Palikuwa na watu wenye maradhi mengine waliochelewa kutafuta tiba kwa kuogopa wasije wakapelekwa huko. Na palikuwa na waliopona wakarudi makwao wakakuta majirani wanawakwepa. Hata wauguzi, ambao kutwa nzima walihatarisha roho zao, hawakupokewa kwa furaha kila walipopanga. Ama kuhusu maziko, desturi ya mwambao ni kwamba jeneza hupokezanwa mabegani, kila mtu akitaka kupata thawabu ya hatua chache. Maziko yaliyosimamiwa na maofisa wa afya, yenye watu wachache waliosimama mbali, yaliumiza mioyo kuliko hata kifo chenyewe. Na habari za maziko ya usiku zilipoenea katika simu, watu walisema kwamba mtu ameondoka bila ya kuagwa.

Haifai kuficha kwamba hofu hizi zilizaa maovu. Watu wa asili ya Uchina waliokuwa na maduka Kariakoo walitazamwa kwa jicho baya, na vivyo hivyo waliorejea kutoka safari za nje. Bei ya barakoa za hospitalini na ya vitakasa mikono ilipanda mara moja. Ndimu, tangawizi na vitunguu saumu, ambavyo watu waliviamini kuwa ni dawa, vilipanda bei sokoni kwa kadiri ambayo maskini alivitazama akapita. Kutengwa kwa zamani, kule kulikojengewa uwanja, kukarudi kwa sura nyingine katika mitaa ile ile iliyotengwa zamani.

IV. UTU

Walakini, habari ya siku zile haiishii hapo. Katika wiki chache tu, mbele ya karibu kila duka la Kariakoo palisimama ndoo yenye koki, juu ya kigoda au pipa, na kando yake kipande cha sabuni. Wengine walitumia vibuyu chirizi, madumu yaliyofungwa kamba yakainamishwa kwa mguu ili mtu asiguse chochote. Serikali iliagiza, ni kweli. Lakini amri peke yake haielezi kwa nini jambo lilishika upesi namna ile. Sababu moja ni kwamba mji huu umekwisha kusomeshwa na kipindupindu, kilichourudia mara nyingi tangu miaka ya 1970, na tena kwa ukali mwaka wa 2015. Sababu ya pili ni ya desturi. Katika nyumba za mwambao mgeni hunawishwa kabla ya kula: mtoto husimama na birika na bakuli, akammiminia mkubwa wake maji mikononi. Kumnawisha mtu ni kumheshimu. Kwa hiyo mwenye duka aliyemwambia mteja, "Karibu, mama, nawa kwanza," hakusikika kama mtu anayemtuhumu mwenzake uchafu. Alisikika kama mwenye nyumba anayekaribisha mgeni.

Mafundi cherehani wa barazani walishika kazi ya kushona barakoa za vitenge na za mabaki ya nguo, na zikapatikana kwa bei ambayo mbeba mizigo aliiweza. Viongozi wa mkoa walipoagiza, mwezi wa Aprili, kwamba watu wavae barakoa, walikuta mafundi wamekwisha kuanza. Ni kweli kwamba kitambaa hakizuii kama barakoa ya hospitali, na kwamba nyingine zilivaliwa kidevuni. Hata hivyo manufaa makubwa ya barakoa ya kitambaa ni kumkinga mwenzako na mate yako; na aliyeivaa kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa Machi alikuwa akijisumbua kwa ajili ya watu asiowajua.

Nyumbani, wanaoshirikiana ua walipangiana zamu. Palipokuwa na mzee, wapangaji walipunguza kupita karibu na mlango wake, au jamaa zake walimpeleka shamba mpaka hali itulie. Palipokuwa na mwenye homa, aliwekewa ndoo yake na kikombe chake. Uji uliletwa ukawekwa kizingitini, aliyeuleta akagonga mlango, akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja mpaka auone mkono ukitoka kuuchukua. Mgonjwa haulizwi uji, husema Waswahili; na hapo hakuulizwa, ila alipelekewa kwa umbali. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, mwishoni mwa Aprili, sukari ilikuwa adimu na ghali. Mahali pengi sinia la futari la pamoja liligawanywa sahani sahani, zikapelekwa mlango kwa mlango, wala mtu hakuhesabu kuwa ameacha desturi. Msibani watu walituma rambirambi kwa simu, kisha wakapiga kuomba radhi kwa kutofika. Kuomba radhi huko kulikuwa na uzito, maana katika mji huu kutofika msibani ni kosa lisilosahauliwa upesi. Na wenye msiba waliosamehe kabla ya kuombwa walitoa sadaka isiyoonekana.

Kuhusu kujifukiza, jambo ambalo lilisifiwa sana na viongozi, yafaa kusema wazi. Mvuke wa mwarobaini, mchaichai na majani ya mlimau huweza kumpa mtu nafuu ya pumzi kwa muda, lakini hauviui virusi vilivyomo mwilini, na maji ya moto yaliwaunguza baadhi ya watu. Hata hivyo atazamaye tendo lenyewe ataona ndani yake kitu kingine zaidi ya tiba. Mtu hawezi kujifukiza vizuri peke yake: yupo atafutaye majani, yupo akokaye moto, yupo ashikaye blanketi na kuuliza kama pumzi inatosha. Kwa mtu ambaye kila mmoja anamwogopa, kule kuhudumiwa kulikuwa ni habari kwamba bado yumo katika watu.

V. USHAHIDI WA MANENO

Lugha huhifadhi mambo ambayo hati huyaacha, na maneno ya mwaka wa 2020 yastahili kuangaliwa. Barakoa si neno jipya. Ni neno la asili ya Kiarabu, na katika mwambao lilitaja kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa nyumba za heshima. Neno lililokuwa karibu kusahauliwa lilirudi kwa muda wa mwezi mmoja tu likawa la watu wote, wanaume kwa wanawake. Karantini nalo ni la zamani. Lilijulikana tangu wasafiri walipokuwa wakizuiwa katika kisiwa cha Changuu, ng'ambo ya mji wa Unguja. Nyungu, ambayo ni chungu tu, ikawa jina la tiba nzima. Baadaye likatungwa neno UVIKO, yaani ugonjwa wa virusi vya Korona, kwa mfano ule ule wa UKIMWI. Ugonjwa usio na jina la nyumbani hutisha kama mgeni asiyejulikana. Ukiisha kupewa jina waweza kuzungumzwa hata mbele ya watoto.

Salamu nayo ilijiokoa yenyewe. Mkono ulipokatazwa, shikamoo ilibaki. Neno hili huelezwa kuwa ni ufupisho wa maneno ya kusema, nashika miguu yako. Nalo kwa karne nyingi limemwezesha mdogo kuishika miguu ya mkubwa bila ya kuigusa. Kwa hiyo mjukuu aliyesimama uani na kumwamkia bibi yake aliye mlangoni, akaitikiwa marahaba, hakupunguza kitu katika adabu.

Lakini neno lenye mafunzo kupita yote ni tenga. Kutengwa, katika kauli ya kutendwa, ni kuwekwa kando na wengine: ndiyo habari ya uwanja wa Mnazi Mmoja wa miaka ya 1920, na ndiyo habari ya aliyetoka Amana akakwepwa. Kujitenga ni kuamua mtu mwenyewe, kwa kuhofia nafsi yake au za wenzake. Kisha pana kauli ya kutendea, ambayo huleta ndani ya kitendo mtu atendewaye. Kumtengea mtu ni kumwekea fungu lake. Waswahili husema kutenga chakula, maana yake kukiandaa mbele ya wanaokula. Na mtu aliyechelewa kurudi hutengewa, ili asilale na njaa. Basi uji uliowekwa kizingitini ulikuwa na maana zote mbili kwa pamoja: mgonjwa ametengwa, na mgonjwa ametengewa. Tofauti ya utengano wa wakoloni na umbali wa majirani hawa haikuwa katika hatua za miguu. Ilikuwa katika kujua kama upande wa pili wa nafasi ile kuna mtu anayefikiriwa.

VI. KIMYA NA GHARAMA YAKE

Tarehe 17 mpaka 19 Aprili zilikuwa siku za maombi ya taifa. Mwanzoni mwa Mei Rais alisema kwamba sampuli za mbuzi na papai zilizopelekwa kwa siri katika maabara zimerudi na majibu ya kuwa na ugonjwa, naye akatia shaka upimaji wote. Baada ya siku hizo hesabu hazikutangazwa tena. Zilisimama katika wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikubadilika. Tarehe 8 Juni ilitangazwa kwamba nchi imeshinda Korona. Shule zote zikafunguliwa mwishoni mwa mwezi huo. Kariakoo ndoo zilianza kukauka moja moja, nyingine zikarudi nyumbani kufanya kazi yake ya zamani.

Watu wengi walishukuru, na shukrani yao haikuwa ya uongo, maana hofu imlemeayo mtu kila siku humchosha kama mzigo. Lakini maradhi yaliporudi kwa nguvu mwanzoni mwa mwaka wa 2021, lugha ya msibani ilifunua jambo ambalo hesabu hazikulisema. Ilisemwa kwamba marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji, na wasikilizaji wakaelewa. Maalim Seif, yule yule wa salamu ya miguu, alifariki tarehe 17 Februari 2021, baada ya chama chake kueleza waziwazi kwamba alipatwa na Korona. Na uwazi huo wenyewe ulikuwa ni huduma. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baada ya Rais Magufuli kufariki, tarehe 17 Machi 2021, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliunda kamati ya wataalamu, hesabu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai mwaka huo Rais mwenyewe alichanjwa hadharani.

Mafunzo ya mambo haya si mepesi. Utu wa majirani uliwaokoa watu na upweke na njaa, na huenda uliwaokoa wengi na kifo. Lakini hauwezi kuchukua mahali pa habari za kweli. Jirani aliyeweka uji mlangoni alihitaji kujua kama ugonjwa umepungua mtaani au umeongezeka, ili ajue arudi nyuma hatua ngapi. Aliponyimwa habari hiyo, alibaki akiukadiria umbali kwa moyo peke yake, kama mtu apimaye kitambaa gizani. Kumnyima mtu habari inayogusa uhai wake nako ni kumtenga.

Kwa mwanahistoria pana hasara nyingine. Mtu wa miaka mia ijayo atakayetaka kujua Kariakoo iliishije mwaka wa 2020 atakuta katika daftari tarakimu mbili zilizosimama mwezi wa Mei. Wapagazi walioupa mtaa huo jina lake walipata bahati hiyo hiyo: idadi zisizotimia, na majina yasiyoandikwa. Kilichobaki cha kuokolewa ni kumbukumbu za walioishi, na maneno waliyoyatumia: levo siti, nyungu, kibuyu chirizi, changamoto ya upumuaji, karibu nawa kwanza. Wanafunzi wa Kiswahili wanayo kazi ya kuyakusanya maneno hayo pamoja na habari zake, kutoka kwa mafundi cherehani, mama lishe, makonda, wauguzi na waosha maiti, maadamu wenyewe wangali hai.

Uwanja wa Mnazi Mmoja ungali pale kati ya mitaa miwili, na watu wauvuka asubuhi na jioni bila ya kuulizwa waendako. Ulifanywa ili watu wasikaribiane. Yaliyotendeka katika nyumba za upande wa pili wake, miaka mia baadaye, yaonyesha kwamba hata nafasi iliyowekwa kati ya watu kwa ajili ya hofu yaweza kupitishwa sahani ya chakula, ikiwa yuko mtu wa kuitenga na yuko wa kutengewa.